Mwaka wa Nane

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo daktari wangu wa kisukari hakuzunguka. Sukari ya miezi mitatu imesoma 9.1, dawa mbili ninazomeza zimefika mwisho wa nguvu zake, na kabla hajanianzishia insulini angependa nikamwone daktari wa upasuaji wa kupunguza tumbo. Niliitikia kwa kichwa. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Ngara Road tangu nitoke chuoni, na habari za operesheni hii nimezisikia kwa wateja wengi. Sikuwa nimezisikia zikielekezwa kwangu.

Kwa vitabu vyao nafaa. Kuanzia 1991 kipimo cha uzito kwa kimo kilitakiwa kifike 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari na presha. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari hao viliteremsha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari wanakubali kulifikiria. Kwa watu wenye asili ya Asia mlango unafunguka kwenye 27.5. Hilo la mwisho nililielewa mara moja, maana wazee wengi wa Kihindi wanaonunua metformini kwangu wana mikono myembamba na kitambi kidogo tu, na bado sukari haiwaachi. Mimi nina 38.

Nyumbani sijasema. Nikifungua mdomo kila mtu ataanza na Dada.

Jumapili, 14 Septemba

Dada alikuja kula mchana kwa Mama, Pangani. Nilimtazama leo kwa makini ambayo sijawahi kumtazama nayo. Chapati alikula robo, akaiweka kando, akanywa mchuzi kijiko kimoja kimoja. Punde akasimama, akapiga mbweu, akazunguka ua kidogo ndipo akaweza kuketi tena. Usiku hulala kwa mito mitatu ili asidi isimpande kooni. Omeprazoli anameza kila asubuhi tangu 2019.

Alipasuliwa India, 2017, kwa mkopo wa SACCO na kiwanja kidogo cha Juja alichokinunua kabla hajaolewa. Walimwondolea zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula, kwa urefu, wakamwachia mrija mwembamba. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni ya njaa, na ndiyo sababu mwaka wa kwanza Dada alikuwa akisahau kabisa kula. Kilichotolewa hakirudishwi. Aliingia na kilo 128. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa na 79, na picha yake ya gauni la buluu bado iko ukutani kwa Mama. Leo ana 97.

"Pesa zilienda bure," aliniambia tukiosha vyombo. "Ona. Nimerudi."

"Hujarudi, Dada. Ulianza na 128."

"Wewe umesahau nilivyokuwa." Akaelekeza kidole sebuleni, kwenye ile picha.

Usiku huu nimepiga hesabu. Kilo 31 katika 128 ni asilimia 24. Naiandika ili nimwonyeshe siku moja.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimewasoma Waswidi. Utafiti wao, uitwao SOS, ulianza 1987: watu 2,010 waliochagua upasuaji, na wengine 2,037 waliofanana nao wakatibiwa kwa njia za kawaida. Wakawafuata kwa miongo. Waliofanyiwa baipasi, ile aina nyingine ya upasuaji inayounganisha tumbo na utumbo, walifika chini kabisa baada ya mwaka mmoja au miwili, asilimia 32 ya uzito wao ikiwa imeondoka. Kisha uzito ukaanza kupanda polepole, na kufikia mwaka wa kumi walikuwa wametulia kwenye asilimia 25. Aina mbili za zamani zilitulia kwenye 16 na 14.

Basi Dada na 24 yake, katika mwaka wa nane, amesimama karibu na pale walipotulia wale wa baipasi katika utafiti huo. Hakuna aliyemwambia. Alionyeshwa picha za kabla na baada, na hizo za "baada" zote zilikuwa za mwaka wa kwanza. Amekaa miaka mitano akijiita aliyeshindwa kwa sababu analinganishwa na picha.

Kuhusu kisukari: baada ya miaka miwili, 72 katika kila 100 walikuwa wameachana nacho. Baada ya miaka kumi na mitano, 30. Mstari huo nimeusoma, nikaamka nikanywa maji, nikausoma tena. Thelathini ni wengi. Hata hivyo anayeambiwa 72 tu hajaambiwa ukweli wote. Na kuhusu uhai, 2020 waliandika kwamba waliopasuliwa waliishi miaka 3 zaidi ya wenzao wanene wasiopasuliwa, ilhali miaka 5 na nusu pungufu ya Mswidi wa kawaida. Namba hizo mbili zinapaswa kusemwa pamoja, na daktari yuleyule, siku hiyohiyo.

Ila operesheni ya Dada haimo humo. Iko kwa Wafini: watu 240, takriban nusu wakatengenezewa mrija, nusu baipasi, wakafuatwa miaka kumi. Kamera ilipoingizwa, umio ulikuwa umechomwa na asidi kwa 31 katika kila 100 wa mrija, dhidi ya 7 wa baipasi. Mito mitatu ya Dada imo katika ile 31. Zile seli zinazobadilika, zinazoogopwa kwa ajili ya saratani, zilikuwa 4 katika 100 pande zote mbili, chache kuliko hofu iliyokuwa imetangulia. Nimepumua kidogo hapo. Lakini Dada hajawahi kuingizwa kamera tangu apasuliwe.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mama mmoja wa makamo, muuza mitumba pale Fig Tree, aliomba Mara Moja. Kichwa kinamgonga. Nilipokuwa nageuka kuichukua akasema na tumbo pia linachoma, "hapa waliponiunganisha." Nikamuuliza nani alimuunganisha. Baipasi, miaka minne iliyopita.

Mara Moja ina aspirini ndani. Katika baipasi kifuko kidogo kinachobaki hushonwa moja kwa moja kwenye utumbo, na pale penye mshono kidonda hushika upesi: aspirini, Brufen, diklofenaki, sigara. Kinaweza kutoboka. Nilimpa paracetamoli, nikamwandikia karatasi aende akaingizwe kamera wiki hii.

"Daktari, mbona wao hawakuniambia?"

Pengine walimwambia, siku ya kuruhusiwa, ana mishono mipya na mawazo yake yote yako kwenye gari la kumpeleka nyumbani. Mtu hashiki maneno ya mwaka wa nne siku hiyo. Lazima aambiwe tena mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa nne wenyewe, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kumwambia. Leo mtu huyo nilikuwa mimi kwa bahati, kwa kuwa alitamka neno moja la ziada. Angenyamaza ningemuuzia.

Jioni nilikagua rafu. Kalisiamu tuliyo nayo ni ile ya kaboneti, inayohitaji asidi ya tumboni ili iyeyuke vizuri. Aliyefanyiwa baipasi humfaa zaidi ya sitreti, na hiyo hatujawahi kuiagiza. Vidonge vya chuma na vya kalisiamu viachane angalau saa mbili, nasi huwafungia watu katika bahasha moja. Tena chuma hakipatani na chai, na Nairobi hii kila kidonge hushushwa kwa chai. Kesho nazungumza na mwenye duka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikukuu ya ghafla. Nchi inamuaga Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani. Alifariki juzi India, alikokwenda kutafuta matibabu. Duka tumefunga. Barabara ya Ngara haijawahi kuwa tupu hivi mchana.

Kila mtu hapa ana ndugu aliyepanda ndege kwenda kutibiwa huko. Waliomtibu Dada walijua kazi yao, mshono wake haukuwahi kuvuja, na sina neno baya kuhusu mikono yao. Lakini alirudi na faili lenye ukurasa wa mwisho uliosema arudi kuonwa baada ya miezi mitatu. Arudi wapi? Nauli ilikuwa imekwisha, na hapa Nairobi hakuna aliyekabidhiwa faili hilo. Kwa mgonjwa aliyevuka bahari, upasuaji unaishia uwanja wa ndege.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashujaa na Diwali siku moja mwaka huu. Fataki tangu magharibi, upande wa Parklands na huku kwetu. Jirani wa ghorofa ya chini alituletea mithai, Dada akiwa kwangu. Alikula kipande kimoja, muda mfupi baadaye alitoka jasho, moyo ukamwenda mbio, akalala kwenye kochi. Sukari nyingi ikimwagika utumboni kwa haraka hufanya hivyo. Ameshazoea, haogopi tena.

Kilichonitisha ni kingine. Alipovua viatu niliona jeraha kwenye unyayo, na hakujua limetoka wapi. Miguu ina ganzi tangu mwaka jana, anasema, "si ni sukari tu." Kisukari chake kilirudi 2022, akarudishiwa metformini, na kila mtu akaweka ganzi hiyo kwenye hesabu ya kisukari.

Nimekaa kitandani nahesabu. Mfuko wa chakula uliokatwa hupunguza asidi na ile protini inayobeba vitamini B12. Omeprazoli kwa miaka hupunguza B12. Metformini kwa miaka hupunguza B12. Mambo matatu, mtu mmoja. Nilimuuliza mara ya mwisho alipimwa lini. Alifikiri sana. Labda 2018.

Jumatano, 29 Oktoba

Majibu ya maabara. B12 ni 148, na wao wanataka kuanzia 200. Damu 9.8. Akiba ya chuma 6, yaani hakuna akiba. Vitamini D nayo iko chini, katika jiji la jua hili.

Daktari amemwanzishia sindano za B12 na chuma cha kuwekwa mshipani. Alisema wazi kwamba ganzi inaweza kupungua, na inaweza isiondoke yote, kwa sababu neva zimekaa na njaa muda mrefu. Dada alimshukuru. Njiani, ndani ya matatu, alisema, "Kumbe ule uchovu haukuwa uvivu." Shemeji amekuwa akimwita mvivu. Amekuwa akijiita hivyo mwenyewe.

Nina hasira leo, na siioni aibu. Kipimo cha B12 hakina ufundi wowote. Mkono, sindano, chupa, maabara ya hapa Ngara, majibu baada ya siku moja. Kwa mtu aliyetoa kiwanja ili apasuliwe, kilichokosekana ni mtu wa kumpigia simu mara moja kwa mwaka.

Jumamosi, 8 Novemba

Dada alizungumza leo mambo ambayo hajawahi kuniambia.

Alipofika kilo 79 watu wa mtaani walianza kunong'ona kwamba ana ukimwi. Hakuwajibu. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunajua hofu hiyo ilikotoka: mwaka 1985 madaktari walipoandika juu ya maradhi mapya ya Rakai, Uganda, wanakijiji walikuwa tayari wanayaita "slim". Kizazi kizima kiliona kukonda, kisha jeneza. Mwanamke wetu akipungua kilo arobaini na tisa, hata akiwa mzima kuliko alivyowahi kuwa, macho ya watu yanahesabu vingine. Alipoongezeka tena, haohao wakacheka. Hajavaa lile gauni la buluu tangu 2019, ila hawezi kuligawa.

Akaniambia pia kuhusu divai. Kabla ya operesheni glasi mbili hazikumfanya kitu. Baada yake glasi moja ilikuwa inampanda kichwani papo hapo, na kwa kuwa chakula hakikumliwaza tena, divai ilimliwaza. Aliacha mwenyewe, kwa shida, bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimesoma haya: Marekani, 2012, waliona matatizo ya pombe yakiongezeka katika mwaka wa pili baada ya upasuaji. Na Utah, 2007, vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 40 kwa waliofanyiwa baipasi, lakini vifo vya ajali na vya kujiua vilizidi. Nilikuwa nimeyasoma kwenye karatasi, na dada yangu alikuwa anayapitia karibu nasi.

Nilimuuliza swali lenyewe, bila kulipamba. Alisema hapana, hajawahi kufikiria kujidhuru. Kisha akasema, "Asante kwa kuuliza. Wote huuliza kilo."

Jumanne, 18 Novemba

Parklands, kwa daktari wa upasuaji. Nilikwenda na karatasi ya maswali, na Dada akaja nami. Nilitaka daktari amwone mtu wa mwaka wa nane.

Hakukwepa. Kwa sukari yangu angechagua baipasi. Alinitajia utafiti wa Cleveland wa watu 150: baada ya miaka mitano, walioshusha sukari ya miezi mitatu hadi 6 au chini walikuwa 29 katika 100 wa baipasi, 23 wa mrija, 5 wa dawa pekee. Nilimuuliza kufa. Katika hesabu ya Marekani ya 2009, watu 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa 3 katika kila 1,000. Niliuliza mifupa, akakiri baipasi huongeza hatari ya kuvunjika. Niliuliza vidonge. Maisha yote, akasema, hata ukijisikia vizuri, hasa ukijisikia vizuri.

Kisha nikauliza lile lililonileta. "Daktari, mwaka wa tano nitamwona nani?"

Alinyamaza, akasema wagonjwa wake wengi huacha kuja baada ya mwaka wa pili. Wanakuwa wamepungua, wanapendeza, wanaona wamemaliza. Uzito ukianza kurudi wanaona haya kuja.

"Nilikuwa naona haya," Dada akasema. Hilo tu.

Daktari alimgeukia, akamuuliza kuhusu asidi, mito, miguu, akaandika. Alimwambia upo uwezekano wa kuubadilisha mrija kuwa baipasi kwa ajili ya asidi, lakini kwanza kamera, kwanza damu ipande. Na kuhusu kilo 97 akasema: "Hayo ni matokeo mazuri, madam." Dada alilia. Mimi nilikuwa nimeshamwambia, lakini mimi ni mdogo wake.

Bima yangu imeshakataa; barua inasema ni mambo ya urembo. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Hao wa bima watakuja kulipia moyo ukishindwa na figo zikienda. Nimeanza kuandika barua ya rufaa, na nimeambatisha namba zangu za sukari za miaka sita.

Jumatatu, 1 Desemba

Shirika la Afya Duniani limetoa leo mwongozo wake wa kwanza wa sindano za kupunguza uzito, zile za ukoo wa semaglutaidi. Septemba walikuwa wamekwisha kuziingiza katika orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari walio na moyo au figo mbovu pamoja na unene. Dukani watu wanauliza Ozempic kila siku. Naambia wote: bila karatasi ya daktari siuzi, na hiyo unayouziwa mitandaoni hujui ilikaa kwenye friji gani.

Dada aliuliza kama zingemsaidia kushusha kilo zilizorudi. Huenda. Daktari amesema wataliangalia damu ikikaa sawa. Lakini sindano nayo ni safari ndefu: walioiacha, katika utafiti mmoja, walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka. Hataza yake India inaisha Machi, bei huenda zikashuka. Mimi niliifikiria badala ya kisu. Kwa mshahara wangu, kila mwezi, bila kukoma, haiwezekani.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemwambia Mama. Kwanza alimkumbuka yule mwanamke aliyekufa Oktoba mwaka jana baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo hapa Nairobi. Nikamweleza kwamba kunyonya mafuta ni kazi nyingine kabisa, haigusi tumbo la ndani wala kisukari. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa lililokuwa moyoni.

"Na wewe baada ya miaka minane utakuwa kama dada yako?"

"Nikijaliwa, Mama. Kilo thelathini na moja hazijarudi. Sasa damu yake inapanda."

Dada alikuwa mlangoni, akasema vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeanza kuhisi kigae cha bafu. Vingine bado.

Mwenye duka amekubali tuagize kalisiamu ya sitreti. Amekubali pia daftari nililoliomba: kila mteja akisema amepasuliwa tumbo, tunaandika, kwa ridhaa yake, aina ya operesheni, mwaka, na mara ya mwisho alipopimwa damu, halafu tunampigia simu ikipita miezi kumi na miwili. Yule mama wa Fig Tree ndiye wa kwanza. Kamera ilikuta kidonda kwenye mshono, yuko kwenye dawa. Wa pili ni Dada. Kamera yake ni Jumatatu, 12 Januari, asubuhi, asile tangu usiku. Wa tatu nitakuwa mimi, bima ikijibu, na ikikataa tena SACCO inafungua maombi ya mikopo mwezi wa pili.